Sajenti Aliyekataa Kufuta Maelezo Yake

Mara ya kwanza kuisikia sauti ya Sajenti, nilikuwa nimevaa suruali ya sare na sidiria tu, nimesimama katikati ya magunia ya korosho za wizi. Ilikuwa siku yangu ya pili kazini. Kituo chetu cha polisi kilikuwa katika mji mdogo wa pwani, kusini ya Kilwa, na hakikuwa na chumba cha askari wa kike kubadilishia nguo. Wanaume walikuwa na bweni lao nyuma. Sisi wanawake, tuliokuwa watatu bila kumhesabu Sajenti, tulionyeshwa stoo ya vielelezo, panapowekwa vitu vya kesi: korosho, baiskeli, mapanga, madumu ya gongo. Mlango haukuwa na komeo kwa ndani.

Koplo Chilumba alikuwa anataka baiskeli ya kupeleka mahakamani. Akausukuma mlango. Nikapiga kelele, nikajikinga na shati. Badala ya kurudi nyuma akacheka.

"Ah, WP, unaficha kitu gani ambacho hatujawahi kukiona?"

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yake, ya utaratibu kabisa. "Koplo, hebu funga huo mlango, na wewe ubaki huku nje."

"Afande, hakimu anasubiri baiskeli."

"Atasubiri. Mwenzako anavaa sare ya serikali."

Ufunguo wa stoo ulikuwa wake kikazi. Kuanzia kesho yake akawa anatufungulia tuingie, anafunga kwa nje, kisha anasimama mlangoni mikono nyuma, na hakuna kielelezo kilichotoka mpaka sote tumalize kuvaa. Kesi mbili zikachelewa. Hakimu alipouliza sababu, Sajenti alimwambia mbele ya watu wote kwamba askari watatu wa kike wanavua nguo juu ya ushahidi wake. Mahakama nzima ilicheka, hakimu hakucheka. Mwezi haukuisha, chumba kikapatikana. Kilikuwa kimejaa viti vibovu, na miaka yote askari wa kike walikuwa wanaambiwa hakuna chumba.

Huyo ndiye Sajenti. Nilifanya naye kazi miaka minne na sikuwahi kumwita kwa jina. Wala mjini hawakumwita. Walisema "Sajenti", basi, ingawa kituoni palikuwa na masajenti wengine wawili, wanaume, ambao walihitaji majina ili wajulikane.

Kwao sikukujua vizuri. Alikuwa Mmakonde wa kule uwanda wa juu, na hilo nililijua kwa sababu akikasirika sana alikuwa anahesabu hadi kumi kwa Kimakonde kabla ya kusema neno. Tukisikia anahesabu, tulitafuta kazi ya kufanya upesi. Alikuwa mfupi, mabega mapana, buti zake zinang'aa hata masika wakati barabara yetu yote ni tope. Alikula muhogo na samaki wa kukaanga akiwa amesimama, kwa sababu alisema ukikaa kitako kaunta ndipo mtu anapoingia na dharura yake.

Namba za askari wa kike hutanguliwa na herufi mbili, WP, na watu wamezifanya jina. "WP, njoo." "Mwambie yule WP." Sajenti hakuitikia. Ungeweza kumwita hivyo mara saba na kituo kinaungua, asigeuke. Mama aliitikia. Dada aliitikia, na wazee wa sokoni waliomwita binti aliwaitikia kwa shikamoo. Siku moja mgeni kutoka wilayani alipaza sauti, "Wewe WP, huna masikio?" Akageuka polepole. "Ninayo, afande. Yanasubiri cheo chao."

Mambo mengi kati yake na wakubwa yalikuwa ya namna hiyo, madogo madogo. Ukiyasikia leo unaweza kuyacheka. Lakini alikuwa ameingia jeshini wakati askari wa kike alikuwa wa kupika chai, kupekua wanawake wenzake na kusimama kwenye gwaride siku za sherehe. Doria yenye silaha hawakupangwa. Wakubwa walisema ni kuwaonea huruma. Yeye aliandika barua ya kuomba kupangwa doria, ikakataliwa, akaandika nyingine. Nilipofika mimi alikuwa ameshaandika barua kumi na moja, na nakala zote alikuwa nazo kwenye faili la rangi ya kahawia. Ya kumi na mbili ilikubaliwa, kwa kuwa mkuu mpya wa kituo hakutaka kuisoma ya kumi na tatu. Ndivyo nilivyoshika bunduki barabarani kwa mara ya kwanza. Sajenti alitembea mbele yangu hatua tano na hakugeuka hata mara moja kunitazama. Nilielewa kwamba ananiamini.

Kuandika ndiyo ilikuwa silaha yake. Mwandiko wake ulikuwa wa mviringo, wa darasani, na kila aliyetoa maelezo alisomewa yote kwa sauti, hata kama ni mzee anayelalamikia kuku. "Mdomo hukana," alikuwa akisema. "Karatasi huulizwa."

Nakumbuka mwanamke mmoja aliyetoka bara, upande wa Likawage, akaingia asubuhi jicho limevimba na mtoto mgongoni. Koplo Chilumba alikuwa kaunta. Hakuwa mtu mbaya, Chilumba. Alikuwa mvivu, na uvivu wake ulikuwa na lugha ya hekima.

"Mama, haya ni mambo ya ndani," akamwambia. "Rudini nyumbani mkayamalize."

Sajenti alikuwa anakunywa maji kwenye pipa. Akaweka kikombe chini. "Yakamalizwe, Koplo, au akamalizwe yeye?"

Sajenti akatoa fomu ya matibabu, ambayo bila hiyo hospitali haimgusi mtu aliyepigwa. Fomu hizo alizihifadhi kwenye droo yake mwenyewe, kwa sababu za kaunta zilikuwa zinaisha kila mara mwathirika anapokuwa mwanamke. Akamwuliza yule mama jina lake. Mama akaanza kulia.

"Usianze na kulia," Sajenti akamwambia. "Anza na jina. Kulia kupo, utalia baadaye na mimi nitakungoja."

Sitamfanya malaika. Alikuwa mkali kwetu kuliko kwa wanaume. Mwanamume akichelewa dakika kumi alimwandika. Sisi tukichelewa dakika tatu alituweka mbele ya wenzetu na kututazama mpaka machozi yatutoke, kisha akatukataza kulia. Hereni hata za punje hakutaka. Nilimwuliza siku moja kwa nini. Akasema, "Wakikosea wao, amekosea mtu mmoja. Ukikosea wewe, wamekosea wanawake." Nilidhani ni maneno ya busara. Leo nadhani ni mzigo aliotwishwa, naye akatutwisha sisi.

Ulimwelemea zaidi Somoe. Somoe alikuwa konstebo mwenzangu, mtu wa Sudi, mcheshi, ndiye pekee aliyeweza kumchekesha Sajenti. Akapata mimba kabla ya kutimiza muda ambao askari mpya anaruhusiwa kuolewa. Tulimtegemea Sajenti amsimamie. Alimwita chumbani kwetu, kile alichokipigania mwenyewe, akamwambia tukisikia: "Nimekesha miaka kumi na nane nikiwaambia hawa watu kwamba sisi ni askari. Wewe umewapa ushahidi wao." Somoe aliacha kazi wiki ile ile, akarudi kwao.

Sikumsemesha Sajenti kwa siku kadhaa, ila kwa mambo ya kazi. Yeye aliendelea kama kawaida, buti zinang'aa. Mwaka uliofuata nilikwenda Sudi kwenye harusi, nikamtembelea Somoe. Mtoto alikuwa anatambaa.

"Bosi wako alikuja," Somoe akaniambia.

"Nani?"

"Sajenti. Alichukua ruhusa ya siku moja, akaja akakaa hapo kwenye mkeka, akambeba mtoto. Akasema, 'Nilikukosea, mwanangu. Niliogopa watakayoyasema, nikayasema mimi kabla yao.' Halafu akala wali, akaondoka."

"Ukamsamehe?"

"Mtoto alimkojolea sare," Somoe akasema. "Nilimwambia tumelipana." Akacheka, lakini sikuona kama macho yake yamecheka. Kazi hakuwa ameirudia na hangeirudia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo kwa miaka mingi sikulisimulia, kwa kuwa ndani yake mimi si mtu wa kusifiwa.

Wakati huo mabadiliko yalikuwa yameanza. Lilifunguliwa Dawati la Jinsia na Watoto, chumba kikapakwa rangi ya maziwa, kukawekwa mkeka na midoli. Aliyelisimamia kwa juu alikuwa Mkaguzi, wa pili kutoka kwa mkuu wa kituo. Mtu wa maneno mazuri, mrefu, mwenye manukato. Kwenye mikutano ya hadhara alizungumza juu ya heshima ya mwanamke mpaka akina mama wakapiga vigelegele. Alinichagua mimi nikae dawatini. Nilifurahi sana.

Kisha akaniambia kuna mafunzo Lindi, siku tatu, tutakwenda pamoja, na chumba kimoja cha wageni kinatosha. Nikasema siwezi. Zamu zangu zikabadilika: lindo juu ya lindo. Nikaomba likizo ya kumwona mama yangu, ikakataliwa. Chilumba akaanza kuniambia, kwa upole wake wa kivivu, "Dada, usiwe jeuri. Mkubwa ni mkubwa."

Siku moja, kama saa nne asubuhi, Mkaguzi aliniita ofisini kwake nipeleke jalada. Nilipoingia akapita nyuma yangu, akafunga mlango. Akanishika kiwiko, halafu kifundo cha mkono, akanivuta. Nikasema kwa sauti, "Afande, niache!" Akakaza. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Sajenti alikuwa amesimama na karatasi mkononi.

"Naomba sahihi, afande," akasema.

Mkaguzi akaniachia. "Hujui kubisha mlango?"

"Najua. Nilisikia mwenye kubisha ni mwingine, yuko ndani." Akasimama pale pale mpaka nikapita ubavuni pake nikatoka.

Aliniketisha dawatini, kwenye kiti cha mlalamikaji. Nilitaka anikumbatie. Akatoa kalamu.

"Saa ngapi?"

"Afande?"

"Nimekuuliza saa ngapi. Nani alikuwa kaunta? Mlango alifunga nani? Alikushika mkono upi?"

Alinihoji kama anavyomhoji mtu yeyote, na kwa dakika zile nilimchukia. Mwisho akanisomea yote kwa sauti. Niliposikia mambo yangu yanasomwa kwa mpangilio, na saa zake, na upande wa mkono, nikaona kwamba ni kosa, kosa la kweli lenye mtendaji, wala si aibu yangu. Nikatia sahihi. Naye akaandika maelezo yake kama shahidi, tukayatuma mkoani.

Wachunguzi wawili walikuja baada ya wiki tatu. Kabla yao alikuja mjomba wangu kunisihi nifute maelezo. Mkaguzi alikuwa amempata, sijui kupitia nani. Na mama yangu akanipigia simu.

"Mwanangu, katika ukoo wote huu mwenye kazi ya serikali ni wewe peke yako," akasema. "Huo mkono ulioshikwa haukukatika. Lakini kazi ikikatika, haiungwi."

Simlaumu. Alisema kile alichofundishwa na maisha. Nilipoitwa mbele ya wachunguzi niliandika kwamba nilimwelewa vibaya mkubwa wangu, na kwamba nafuta maelezo ya awali. Mmoja wao akanipa mkono. Nikatoka, nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Sajenti aliingia baada yangu. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto, nikasikia kila neno.

"Sajenti, mlalamikaji mwenyewe amefuta. Wewe unang'ang'ania nini?"

Nikamsikia anahesabu kwa Kimakonde, pole pole, hadi kumi.

"Yeye kafuta yake," akasema. "Mimi macho yangu sijayafuta."

"Unajua maana yake kwa kazi yako?"

"Najua. Liandikeni na hilo."

Hazikupita wiki mbili uhamisho wake ukaja: kituo kidogo bara, mbali kabisa, askari watatu na pikipiki moja. Cheo alichokuwa akikingojea akapewa Chilumba. Siku ya kuondoka alikabidhi funguo kwa sahihi, akapiga saluti. Nilikuwa kaunta. Akanitazama.

"Konstebo, kesho zamu yako inaanza saa kumi na mbili. Usichelewe."

Hilo tu. Angenitukana, ningepumua.

Habari zake zilitufikia kwa wakulima waliokuja na kesi za korosho. Walisema wazee wa huko mwanzoni walikataa kuzungumza na mwanamke, wakataka waletewe askari. Akawaambia askari ndiye huyu, na kama wanataka mwingine, barabara ya kwenda wilayani ni hiyo, wakati wa mvua haipitiki. Wakazungumza. Walisema anaendesha pikipiki mwenyewe na kwamba alianguka akavunjika mguu, akarudi kazini na fimbo. Alistaafu akiwa na cheo kile kile.

Mkaguzi alipanda. Na mimi nilipanda, sitaficha. Nilisoma, nikapata nyota ya kwanza begani, nikapewa dawati katika wilaya nyingine ya pwani hii. Jeshi kweli lilikuwa linabadilika: wasichana waliokuja baada yetu walikuwa na vyumba vyao, doria zao, vikao vyao. Kila niliposifiwa kwa mabadiliko hayo nilimkumbuka mtu mmoja, nikabadilisha mazungumzo.

Mwaka jana konstebo mmoja, Zuhura, mtoto wa mjini mwenye maneno ya Dar, aliingia ofisini kwangu akasimama wima.

"Afande, nina ishu na mkubwa mmoja. Lakini watu wanasema nitajichoma bure."

Akataja jina. Lilikuwa lile lile, la Mkaguzi wetu wa zamani. Alikuwa amemfungia mlango, amemshika mkono.

Nilimvutia kiti, akaketi. Kisha nikamwambia yangu yote, pamoja na ile sehemu ya benchi chini ya dirisha. Nikamwambia kesi yake siwezi kuishika mimi kwa sababu mimi ni shahidi. Siku hiyo hiyo nikampigia mpelelezi wa mkoa, mwanamke, nikaandika maelezo mapya: kwamba nilishikwa, kwamba nilifuta, na kwamba kufuta kwangu ndiko kulikokuwa uongo. Mama yangu nilimpigia baada ya kutia sahihi. Akasema, "Haya. Safari hii sitakuzuia."

Kesho yake nikaenda Mchinga.

Sajenti alikuwa anaishi huko kwenye nyumba ya bati yenye minazi michache. Nilimkuta anafua nazi kwenye kifuo cha chuma alichokisimika ardhini, mguu mmoja ameunyoosha. Nilikuwa nimevaa baibui, si sare. Alinitambua kabla sijafika uani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, yote yakapotea. "Afande, nilikuacha peke yako."

"Uliniacha," akasema. Akafua nazi nyingine, akaitupa kwenye lundo. "Nilikaa na hasira juu yako miaka miwili. Mwaka wa tatu nikachoka kuzibeba. Nilikuwa na kazi."

"Nisamehe."

"Umekuja kwa hilo tu?"

Nikamweleza habari za Zuhura, na maelezo yangu mapya, na kwamba mpelelezi angependa kumwona, atakuja Jumatatu.

"Leo nini?"

"Alhamisi."

Akanyanyuka kwa fimbo. "Jumatatu mbali," akasema, akaingia ndani kubadilisha nguo.

Tulifika Lindi adhuhuri. Siku ile hatukujua kwamba baada ya miezi sita Mkaguzi angesimamishwa mbele ya baraza la nidhamu na kuvuliwa vyeo, wala kwamba wanawake wengine wanne wangejitokeza. Tulijua tu kwamba upande wake kuna marafiki wengi. Mpelelezi alimpa Sajenti kiti, akafungua daftari, akaanza.

"Kazi yako, mama?"

"Sajenti wa polisi."

"Mstaafu?"

"Mshahara ndio umestaafu."

Mpelelezi akatabasamu, akaandika. Sajenti akasimulia: saa, mlango, karatasi aliyokuwa nayo mkononi, kifundo cha mkono wa kushoto, maneno niliyosema na maneno aliyosema Mkaguzi. Miaka yote ile, hakukosea hata upande aliokuwa amesimama. Mpelelezi alipomaliza kuandika akamgeuzia karatasi atie sahihi.

"Nisomee kwanza," Sajenti akasema.

Akasomewa. Zuhura, aliyekuja kutoa maelezo yake, alikuwa amesimama karibu na mlango, nami ukutani. Katikati ya ukurasa wa pili Sajenti akainua mkono.

"Rudia hapo."

"'Nilipofungua mlango,'" mpelelezi akasoma, "'nilihisi kumwona afande Mkaguzi ameushika mkono wa konstebo...'"

"Lete kalamu."

Akavaa miwani, akatafuta mstari. Akakata maneno "nilihisi kumwona" kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika kwa ule mwandiko wa mviringo: *nilimwona*. Pembeni akaweka herufi za jina lake, kama inavyotakiwa. Kisha akashuka hadi chini ya ukurasa, akatia sahihi.